Savolainen: Daktari aliyetwaa dhahabu ya jimnastiki akiwa na miaka 40

WAHENGA walinena kuwa utu uzima dawa. Katika mchezo wa jimnastiki, hata hivyo, utu uzima umekuwa ukichukuliwa kama maradhi yasiyo na tiba.

Mchezaji anayetimiza miaka 25 huanza kuulizwa atastaafu lini. Akifika 30 huitwa mkongwe. Akivuka 40, mashabiki hutarajia kumwona akiwa kocha, au akiwa jukwaani akiwapigia makofi vijana wa rika la wanawe.

Heikki Savolainen wa Ufini aliivuka mipaka hiyo yote. Alitwaa medali yake ya kwanza ya Olimpiki mwaka 1928 akiwa kijana wa miaka 20, na ya mwisho mwaka 1952 akiwa na umri wa miaka 44. Katika kipindi hicho alishiriki Michezo ya Olimpiki mara tano, na hakuna hata mara moja aliporejea nyumbani mikono mitupu.

Jumla ya medali zake ni tisa: mbili za dhahabu, moja ya fedha na sita za shaba. Miongoni mwa Wafini walioshiriki Olimpiki za majira ya joto, ni mkimbiaji Paavo Nurmi pekee, mwenye medali 12, aliyempita.

Lakini si idadi hiyo inayoyafanya maisha yake yastahili kusimuliwa. Dhahabu zake zote mbili alizipata mwaka 1948, akiwa na miaka 40, baada ya vita kumpokonya miaka ambayo kwa wanamichezo wengi ndiyo ya kilele.

Mzaliwa wa mashariki

Savolainen alizaliwa Septemba 28, 1907, katika mji wa Joensuu, mashariki mwa Ufini, eneo la maziwa, mito na misitu minene.

Wakati huo Ufini haikuwa taifa huru. Ilikuwa chini ya himaya ya mfalme wa Urusi, ingawa ilikuwa na bunge lake na hata timu yake ya Olimpiki. Mwaka 1908 wanajimnastiki wa Ufini walitwaa shaba ya timu jijini London, Uingereza, na mwaka 1912 wakapata fedha jijini Stockholm, Uswidi. Kwa watu waliokuwa wakitawaliwa, medali kama hizo zilikuwa njia ya kuieleza dunia kuwa wapo.

Katika Michezo hiyo ya 1912, mkimbiaji Hannes Kolehmainen alishinda mbio za mita 5,000, mita 10,000 na mbio za nyika. Baada yake akaja Nurmi, aliyetamba miaka ya ishirini. Muda mrefu kabla ya Wakenya kuzifanya mbio za masafa marefu kuwa shamba lao, Wafini ndio waliokuwa wakizitawala.

Ufini ilijitangazia uhuru Desemba 1917, Savolainen akiwa na miaka 10. Miezi michache baadaye nchi hiyo changa ilitumbukia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kizazi chake kilikua kikijua kuwa amani si kitu cha kudumu.

Mchezo aliouchagua ulikuwa tayari na mizizi katika sehemu hiyo ya Ulaya. Upande wa magharibi, katika nchi jirani ya Uswidi, Per Henrik Ling alikuwa ameanzisha mwanzoni mwa karne ya 19 mazoezi ya viungo yaliyokusudiwa kuujenga mwili na kulinda afya. Nchini Ujerumani, Friedrich Ludwig Jahn alifungua uwanja wa mazoezi nje ya Berlin mwaka 1811 na kuueneza mtindo wa kutumia vifaa vya mbao na chuma. Kutokana na mikondo hiyo miwili yalizuka mashindano ambayo Savolainen alikuja kuyapenda.

Kwa taaluma alikuwa daktari. Hilo halikuwa jambo la kushangaza siku hizo, kwani Olimpiki ilikuwa ya wachezaji wa ridhaa na hakuna aliyeruhusiwa kulipwa kwa kucheza. Bingwa alilazimika kuwa na kazi nyingine ya kumpa riziki, na mazoezi aliyafanya katika saa zilizobaki.

Farasi wa mbao

Katika Olimpiki za 1928 zilizoandaliwa jijini Amsterdam, Uholanzi, Savolainen alipata shaba katika kifaa kinachojulikana kama farasi. Waliomtangulia walikuwa Waswisi wawili, Hermann Hänggi aliyetwaa dhahabu na Georges Miez aliyepata fedha.

Ni muhimu kukifahamu kifaa hicho, kwa sababu ndicho kinachobeba siri ya maisha yake yote ya michezo.

Farasi huyo ni kiwiliwili kirefu kilichofunikwa kwa ngozi, kikiwa kimesimamishwa kwa miguu, na juu yake pana vishikio viwili. Asili yake ni mazoezi ya askari waliojifunza kupanda na kushuka farasi kwa wepesi. Baada ya muda, mazoezi hayo ya kijeshi yaligeuka kuwa mchezo.

Mchezaji huubeba mwili wake wote kwa mikono. Miguu huiunganisha na kuizungusha hewani mfululizo kuzunguka kifaa, huku akihama kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kila miguu inapopita, mkono mmoja hulazimika kuachia ili kuipisha, na kwa kitambo hicho uzito wote hubebwa na mkono uliobaki.

Haruhusiwi kutulia. Haruhusiwi kukigusa kifaa kwa miguu. Akichelewa kidogo kuuondoa mkono, mzunguko huvurugika na mara nyingi huishia chini.

Vifaa vingine vina nafasi ya kuvuta pumzi. Kwenye pete, mchezaji hujishikilia kimya kwa nguvu za misuli. Katika kuruka, kila kitu huamuliwa na mbio fupi na mruko mmoja wa ghafla. Kwenye farasi hakuna nafasi ya kupumua wala ya kutegemea nguvu za ghafla. Kinachohitajika ni mdundo, usawa wa mwili, mabega imara na vifundo vya mikono vilivyozoea mzigo.

Ustadi wa namna hiyo haupatikani kwa msimu mmoja. Hujengwa kwa marudio ya miaka mingi, hadi mikono ijue yenyewe wakati wa kushika na wakati wa kuachia. Huja polepole, na huondoka polepole vilevile.

Aidha, farasi huyaonea huruma magoti. Mchezaji wa sakafuni hurukaruka na kutua kwa kishindo mara nyingi katika zoezi moja, na vifundo vya miguu hulipa gharama hiyo kadiri miaka inavyosonga. Kwenye farasi miguu hukaa hewani mpaka mwisho, ambapo mchezaji hutua mara moja tu.

Ikiwa kuna mahali mtu mzima anaweza kushindana na kijana bila kuomba ahueni, basi ni hapo.

Fedha ya makubaliano

Olimpiki zilizofuata ziliandaliwa jijini Los Angeles, Marekani, mwaka 1932. Dunia ilikuwa imekumbwa na mdororo mkubwa wa uchumi, na mataifa mengi hayakumudu nauli ya kuvuka bahari. Katika jimnastiki ni timu tano tu zilizojitokeza.

Savolainen, akiwa na miaka 24, alivuna medali nne. Alipata shaba katika jumla ya vifaa vyote na kwenye vyuma viwili sambamba, mara zote mbili akiwa nyuma ya Romeo Neri wa Italia na István Pelle wa Hungary. Timu yake nayo ilitwaa shaba nyuma ya Italia na Marekani.

Medali ya nne ilikuja kwa njia isiyo ya kawaida. Kwenye chuma kimoja cha juu, ambako mchezaji huning'inia na kubingirika kama gurudumu, dhahabu ilikwenda kwa Mmarekani Dallas Bixler. Nyuma yake Wafini wawili walilingana alama: Savolainen na Einari Teräsvirta, kijana wa miaka 17.

Kwa makubaliano ya Wafini wenyewe, Savolainen akachukua fedha na Teräsvirta akachukua shaba. Mkubwa alipishwa mbele, na mdogo akasubiri zamu yake.

Miaka minne baadaye, katika Michezo ya Berlin, Ujerumani, Savolainen alikuwa na miaka 28. Timu ya Ufini ilipata shaba tena, ikiongozwa na wenyeji na Uswisi. Mfini aliyeng'aa zaidi alikuwa Aleksanteri Saarvala, aliyeshinda dhahabu kwenye chuma cha juu. Savolainen hakupata medali ya binafsi.

Mtu aliyeyatazama matokeo hayo angeweza kudhani kuwa jua lake limeanza kutua. Alikuwa na medali sita, hakuna hata moja ya dhahabu, na umri ulikuwa unayoyoma.

Miaka iliyoliwa na nzige

Olimpiki za 1940 zilikuwa zimepewa jiji la Tokyo, lakini Japani iliyarejesha maandalizi hayo mwaka 1938. Nafasi hiyo ikapewa Helsinki, jiji kuu la Ufini, ambalo mwaka huohuo lilikuwa limefungua uwanja wake mpya.

Kwa Savolainen hiyo ingekuwa fursa ya kushindana mbele ya watu wake akiwa na miaka 32.

Novemba 30, 1939, majeshi ya Muungano wa Kisovieti yaliivamia Ufini. Vita hivyo vya majira ya baridi vilidumu hadi Machi 13, 1940. Mwaka 1941 Ufini iliingia tena vitani dhidi ya jirani yake, safari hii ikiwa bega kwa bega na Ujerumani, na mapigano hayakukoma hadi Septemba 1944.

Michezo ya 1940 ilifutwa. Ile ya 1944, iliyokuwa ifanyike London, nayo ikafutwa.

Nchi hiyo yenye watu chini ya milioni nne wakati huo ilizika makumi ya maelfu ya vijana wake. Ilipoteza takriban sehemu moja kwa kumi ya ardhi yake, na zaidi ya watu 400,000 walilazimika kuyaacha makwao na kuhamia sehemu nyingine za nchi. Joensuu, mji alikozaliwa Savolainen, ulijikuta karibu zaidi na mpaka mpya kuliko ulivyokuwa zamani.

Mbele ya maafa kama hayo, medali za mchezaji mmoja ni jambo dogo. Hata hivyo, hasara ya namna hii mara nyingi husahauliwa. Mkulima aliyeikosa mvua ya mwaka huu anaweza kuingoja ya mwaka ujao. Mwanajimnastiki aliyeikosa miaka yake kutoka 28 hadi 40 hana msimu mwingine wa kungojea.

Wengi wa rika lake walikubali hivyo. Wengine walijeruhiwa, wengine walizikwa, na wengine waliona kuwa kuna kazi muhimu zaidi kuliko kuzungusha miguu juu ya kifaa cha mbao.

Savolainen alirudi ukumbini.

Watatu kileleni

Olimpiki za London za 1948 ziliandaliwa katika jiji lililokuwa bado na magofu ya mabomu na mgao wa chakula. Hakuna uwanja mpya uliojengwa, na wachezaji walilazwa katika kambi za jeshi na majengo ya shule. Mashindano ya jimnastiki, ambayo yalipangiwa uwanja wa wazi wa Wembley, yalihamishiwa ndani ya ukumbi wa Empress Hall kwa sababu ya mvua.

Timu ya Ufini iliwakutanisha watu wa enzi mbili. Wamo waliokuwa vijana wapya, kama vile Veikko Huhtanen na Paavo Aaltonen, wote wawili wazaliwa wa 1919. Wamo pia waliotoka katika dunia ya kabla ya vita: Saarvala, bingwa wa Berlin, Teräsvirta, yule kijana wa Los Angeles ambaye sasa alikuwa na miaka 33, na Savolainen, aliyebakisha wiki chache kutimiza 41.

Mpinzani wao mkubwa alikuwa Uswisi. Nchi hiyo haikupigana vitani, na wanajimnastiki wake walikuwa na miaka mingi ya mazoezi yasiyokatizwa. Ubora wao ulionekana: Michael Reusch alishinda kwenye vyuma sambamba, Josef Stalder kwenye chuma cha juu na Karl Frei kwenye pete.

Lakini alama za timu zilipojumlishwa, Ufini ilikuwa mbele, Uswisi ya pili na Hungary ya tatu. Huhtanen alitawazwa bingwa wa jumla ya vifaa vyote, naye Aaltonen akashinda katika kuruka.

Kisha yakaja matokeo ya farasi. Kila mchezaji alifanya zoezi la lazima, ambalo ni sawa kwa wote, na zoezi la hiari alilolitunga mwenyewe. Hesabu zilipokamilika, wachezaji watatu walikuwa na alama 38.7 kila mmoja, na wote watatu walikuwa Wafini: Huhtanen, Aaltonen na Savolainen.

Watatu hao walipewa dhahabu. Fedha na shaba hazikutolewa.

Hivyo ndivyo Savolainen alivyopata, kwenye kifaa kilekile kilichompa shaba mwaka 1928, medali aliyoikosa kwa miaka 20. Aliokuwa akilingana nao alama walikuwa watoto wa miaka minane au tisa siku ile aliposhuka kutoka kwa farasi wa Amsterdam.

Ni kweli kwamba baadhi ya mataifa makubwa hayakuwepo. Ujerumani na Japani hazikualikwa, na Muungano wa Kisovieti haukuwa umeanza kushiriki. Lakini hakuna aliyempunguzia Savolainen alama moja ya ugumu kwa ajili ya mvi zake. Waamuzi walitumia kipimo kilekile kwa mtu wa miaka 40 na kwa kijana wa 20.

Teräsvirta, aliyepisha fedha mwaka 1932, naye aliondoka London na dhahabu ya timu. Baadaye alijulikana zaidi kama msanifu wa majengo.

Kiapo katika mvua

Mwaka 1952 Helsinki hatimaye ilipata Michezo iliyonyimwa mwaka 1940. Sherehe ya ufunguzi ilifanyika Julai 19, chini ya mvua.

Nurmi, akiwa na miaka 55, aliingia uwanjani akikimbia na mwenge, na uwanja mzima ukaitika kwa shangwe. Kolehmainen, mwenye miaka 62, aliuwasha moto juu ya mnara. Wote wawili walikuwa mashujaa waliostaafu kitambo.

Kwa desturi, mchezaji wa nchi mwenyeji hula kiapo kwa niaba ya wenzake wote, akiahidi ushindani wa haki. Heshima hiyo alipewa Savolainen. Tofauti na Nurmi na Kolehmainen, yeye hakuitwa kutoka katika kumbukumbu za zamani. Alikuwa mshindani kamili, mwenye miaka 44, na mashindano yake yalikuwa yakimngoja.

Safari hii Wasovieti walikuwepo, na walionyesha jimnastiki ya kiwango ambacho Ulaya ilikuwa haijakiona. Walitwaa dhahabu ya timu. Uswisi ilipata fedha na Ufini ikapata shaba. Hiyo ndiyo iliyokuwa medali ya tisa na ya mwisho ya Savolainen.

Nyota wa Wasovieti hao alikuwa Viktor Chukarin, mwenye miaka 30, aliyeondoka na dhahabu nne, mojawapo ikiwa ya farasi. Chukarin alikuwa ametekwa vitani na kunusurika katika kambi za Wanazi.

Katika Michezo hiyohiyo, upande wa wanawake, Ágnes Keleti wa Hungary alishinda dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki akiwa na miaka 31. Keleti alikuwa Myahudi. Wakati wa vita alijificha kwa kutumia hati za mtu mwingine na kufanya kazi ya utumishi wa nyumbani, huku baba yake akiuawa katika kambi ya Auschwitz. Mwaka 1948 alikuwa amefika London, lakini jeraha likamzuia kushindana.

Savolainen, Chukarin na Keleti walitoka katika nchi tatu ambazo vita vilizipitia kwa njia tofauti, na mbili kati ya nchi hizo zilikuwa zimepigana zenyewe kwa zenyewe. Kilichowaunganisha ni kwamba wote walifika Helsinki wakiwa na umri ambao vitabu vya leo vya ukocha vingeuita wa kustaafu. Walichelewa kwa sababu mlango ulifungwa, si kwa sababu ya uvivu.

Umri wapungua, umri warudi

Baada ya Savolainen, wengine kadhaa walithibitisha kuwa hakuwa tukio la bahati. Keleti aliongeza dhahabu nne mwaka 1956 jijini Melbourne, Australia, akiwa na miaka 35, na aliishi hadi Januari 2025 alipofariki akiwa na miaka 103. Masao Takemoto wa Japani alikuwa katika timu iliyotwaa dhahabu mwaka 1960 jijini Roma, akiwa na miaka 40.

Kisha mchezo ukabadilika, hasa upande wa wanawake. Mwaka 1976 Nadia Comaneci wa Romania alitikisa dunia jijini Montreal akiwa na miaka 14, na makocha wengi wakaanza kuwatafuta watoto wadogo zaidi, wepesi na wasio na woga. Hali hiyo ilizua wasiwasi juu ya afya ya watoto hao, na kuanzia mwaka 1997 umri wa chini kwa wanawake katika mashindano makubwa ukawekwa kuwa miaka 16.

Pole pole, watu wazima walianza kurejea. Oksana Chusovitina wa Uzbekistan, aliyeanza Olimpiki mwaka 1992, alishiriki kwa mara ya nane jijini Tokyo mwaka 2021 akiwa na miaka 46 na mama wa mtoto mkubwa. Kiumri alimzidi hata Savolainen wa 1952.

Nje ya Olimpiki, wako watu wazima wanaoshindana bila kutarajia umaarufu. Johanna Quaas wa Ujerumani alitambuliwa na kitabu cha rekodi cha Guinness mwaka 2012 kuwa mwanajimnastiki mkongwe zaidi duniani, akiwa na miaka 86 na bado akijiinua kwenye vyuma sambamba. Tangu mwaka 1953 pia kuna tamasha la kimataifa la jimnastiki kwa watu wa rika zote, ambalo halitoi medali wala washindi. Mwaka 2015 lilifanyika Helsinki.

Asilolibadilisha

Itakuwa makosa kuyasoma maisha ya Savolainen kana kwamba yanathibitisha kuwa umri ni idadi tu. Akiwa daktari, yeye alijua vyema kuwa sivyo.

Misuli hupungua mtu anapozeeka. Kano hupoteza unyumbufu. Jeraha ambalo kijana huliuguza kwa wiki moja humlaza mtu mzima mwezi mzima. Mtu wa miaka 40 anayeamka siku moja na kujaribu kuruka kama wa 18 hujitafutia kitanda cha hospitali.

Alichokifanya Savolainen ni tofauti. Hakuanza akiwa na miaka 40. Alichofanya ni kutoacha. Na ushindi wake mkubwa zaidi haukuja katika kifaa kinachodai mruko wa ghafla, bali katika kile kinachomlipa mtu kwa uvumilivu wake wa miongo miwili. Umri ulimpunguzia mambo fulani, naye akasimama pale ambapo ulikuwa bado haujafika.

Wala hakurejeshewa alichopoteza. Hakuna anayejua angetwaa medali ngapi mwaka 1940 au 1944, na hakuna hesabu inayoweza kuyajaza mapengo hayo mawili katika orodha yake. Kati ya Berlin na London pana miaka 12 iliyo kimya. Dhahabu za 1948 hazikuifuta. Zilionyesha tu kuwa haikummaliza.

Baada ya Helsinki aliishi miaka mingine 45. Aliishuhudia jimnastiki ikihama kutoka mikononi mwa Waswisi na Wafini hadi kwa Wasovieti, Wajapani, Waromania, Wamarekani na Wachina. Vifaa vilibadilika, sakafu zikawekewa springi, na kanuni za alama zikaandikwa upya mara kadhaa. Farasi alibaki na vishikio vyake viwili, na mchezaji bado analazimika kuuachia mmoja ili miguu ipite.

Heikki Savolainen alifariki Novemba 29, 1997, mjini Kajaani, Ufini, akiwa na umri wa miaka 90.